Paipu ya rejeta ikipasuka Chalbi

Ndugu, umeuliza mfanye nini paipu ya rejeta ikipasuka na gari lenu la kulala katikati ya Chalbi, lile jangwa la chumvi kaskazini mwa Kenya. Zima injini, usiguse kifuniko cha rejeta mpaka kipoe. Mvuke wake unababua uso. Kausha paipu, izungushie ukanda wa raba ya tyubu kuukuu ukiuvuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko, kisha kaza kwa waya. Jaza maji, kifuniko kilegeze kidogo presha isije ikaifumua, halafu endesha mdogomdogo, jicho kwenye geji ya joto.

Bebeni dumu la maji ya gari peke yake. Mafuta, jazeni Marsabit. Na mvua ikinyesha msithubutu kukatiza: ile chumvi ngumu hugeuka tope, na mkikwama, mti wa kufungia winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa kamba, hamtauona.