Nenosiri kuu la Thunderbird halifichi barua zako

Ndugu uliyeuliza iwapo nenosiri kuu la Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, linatosha kuwazuia mnaotumia nao kompyuta moja wasisome barua pepe zako, jibu ni kwamba halitoshi, nami nalisisitiza hilo kwa kuwa wengi huliweka wakaamini wamekwisha kujilinda. Nenosiri hilo hulinda manenosiri ya akaunti zako yaliyohifadhiwa, wala si barua zenyewe. Niliwahi kumwonyesha mwenzangu kazini: bila kuiwasha Thunderbird kabisa, nilifungua kwa Notepad faili liitwalo Inbox lililomo katika folda yake ya wasifu, yaani ile ambamo Thunderbird huweka barua na mipangilio ya mtumiaji, na barua zikajipanga mbele yake pamoja na majina ya waliomwandikia na tarehe. Kilichomshtua zaidi ni kuziona hata alizozifuta, kwani barua ikifutwa huwekewa alama tu, na maandishi yake hubaki ndani ya faili mpaka folda ibanwe, yaani isafishwe kwa amri ya Compact. Nenosiri la faili la PST, ambamo programu ya Outlook huhifadhi barua, nalo ni dhaifu. Zipo programu za kuliondoa.

Kinga ya kweli huanzia kwenye mfumo endeshi. Kila mtumiaji awe na akaunti yake yenye nenosiri, na haki za usimamizi abaki nazo mtu mmoja anayeaminika, kwa sababu msimamizi anaweza kuingia folda ya yeyote. Unapoinuka kitini, funga skrini. Kwenye Windows ni kitufe cha Windows pamoja na L. Hata hivyo, mtu akiiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo endeshi mwingine, mipaka hiyo ya akaunti haimzuii, na ndiyo maana diski nayo inapaswa kusimbwa, yaani kugeuzwa isisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker (Windows), FileVault (Mac) au LUKS (Linux).

Iwapo msimamizi ni mtu mwingine usiyemwamini, ushauri wangu ni kutozihifadhi barua hapo kabisa: zisome kupitia dirisha la faragha la kivinjari, kisha utoke kwenye akaunti.

Ukishafungua akaunti yako mpya ya kompyuta na kuhamishia humo folda ya wasifu, hakikisha barua zote zinafunguka, ndipo uifute ile folda ya zamani na kumwaga pipa la taka. Nakala iliyosahaulika kwenye akaunti ya pamoja husomeka vilevile kama zamani, na hali kadhalika nakala za akiba zilizo kwenye diski ya nje.