Fundi Anajibu: Gari Linalala Miezi ya Baridi, Betri Ilindwe Vipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wasomaji walio kwenye theluji, wengi wao wakijiandaa kuja nyumbani Desemba na kuliacha gari nyuma. Tumechagua nne.

SWALI: Habari zenu mafundi. Naishi Minneapolis. Nasafiri kwenda Kisumu katikati ya Desemba, narudi mwisho wa Machi. Gari ni Camry, linakaa ndani ya banda la nyumbani lenye soketi. Mwaka jana shemeji alikuwa akiliwasha dakika kumi kila Jumamosi, lakini niliporudi betri ilikuwa imekufa. Safari hii nifanyeje?

JIBU: Shemeji apumzike, hakuwa na kosa. Piga hesabu uone. Gari la kisasa likizimwa bado linanyonya umeme kidogo kidogo: kompyuta, alamu, saa, kipokezi cha rimoti. Miliampea 30 hadi 50 ni jambo la kawaida. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ni ampea moja ikitiririka saa moja), kwa wiki ni zaidi ya 8. Sasa dakika kumi za injini kunguruma bila mwendo zinarudisha nini? Alteneta ikiwa katika mzunguko wa chini inalisha kwanza feni ya hita, taa na kioo cha nyuma. Kinachobaki ndicho kinachokwenda kwenye betri, na betri iliyopoa hupokea chaji kwa taratibu mno. Ukipata ampea-saa 2 umebahatika. Kwa hiyo kila Jumamosi deni lilikuwa linaongezeka. Halafu injini isiyopata moto vizuri huacha maji ndani ya oili na ndani ya ekzosi. Na moshi ndani ya banda lililofungwa unaua mtu. Hilo peke yake lilitosha kumkataza.

Wiki moja kabla ya safari, pima betri. Liache gari limezimwa usiku kucha, asubuhi weka multimita kwenye ncha mbili za betri kabla hujafungua mlango wala kugusa rimoti (acha boneti imefunguliwa tangu jana yake). Betri ya kawaida ya asidi iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ukiona 12.4 ujue imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 haina kitu. Zile za AGM, zilizofungwa kabisa, husoma juu kidogo: 12.8 au zaidi zikijaa.

Kisha ijaze kwa chaja ya kisasa inayojipunguza yenyewe. Betri ya ampea-saa 60 iliyofika nusu inahitaji ampea-saa 30. Kwa chaja ya ampea 5 hizo ni saa sita, lakini sehemu ya mwisho huingia polepole, hivyo iache usiku mzima. Usiikatishe kwa kuona taa imefika asilimia 80. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoyeyusha salfeti laini (ukoko unaotokana na asidi betri inapotumika) iliyobaki kwenye pleti za risasi. Ikiachwa miezi mitatu inageuka fuwele ngumu ambazo chaja haiziwezi tena, na betri yako ya ampea-saa 60 inakuwa ya 35.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye ncha, changanya kijiko cha baikaboneti ya soda kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani, futa, kausha. Maji hayo yasiingie ndani ya betri, maana yanaua asidi. Grisi inapakwa baada ya kibanio kukazwa, siyo kabla.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha chaja ndogo ya kutunzia, ya ampea 0.75 hadi 1.5, ikiwa imechomekwa muda wote. Iwe ile inayofika volti 14.4 hivi wakati wa kujaza, kisha inashuka yenyewe na kukaa kati ya 13.2 na 13.6. Chaja za zamani zinazotiririsha tu bila kujipunguza zitachemsha maji ya betri hadi pleti zibaki wazi, na hewa ya haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche moja. Funga waya wa chanya kwenye ncha ya chanya, wa hasi kwenye chuma kitupu cha bodi au injini, mwisho kabisa ndiyo uchomeke ukutani. Kama gari lina kifaa kidogo cha kupimia kilichoshikana na kibanio cha hasi, ni lazima hasi ya chaja iwe kwenye bodi, vinginevyo kompyuta haihesabu chaji iliyoingia.

Njia ya pili: spana namba 10, legeza kibanio cha hasi, kitoe, kifunge kitambaa kisirudi kugusa ncha. Kila mara anza na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha betri nzima kwa kipande cha chuma, na spana itaungua mkononi mwako. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Sisi kwa safari yako tungekata hasi. Betri nyingi za magari ya sasa hujipunguza zenyewe kiasi cha asilimia 3 kwa mwezi katika joto la chumbani, na kwenye baridi hupungua chini ya hapo. Ikijaa Desemba, Machi utaikuta bado iko juu ya volti 12.4. Hakuna waya wa kuungua ukiwa Kisumu, na hakuna chaja ya kuzimika umeme ukikatika. Gharama yake ni kwamba alamu haifanyi kazi na mlango utaufungua kwa ufunguo wa chuma uliojificha ndani ya rimoti. Ujaribu kabla ya kuondoka, maana tundu la mlango lisilotumika miaka mingi linaweza kuwa limekwama.

SWALI: Mimi ni msomaji wenu wa Edmonton, Kanada. Gari lilikaa nje wiki tano bila kuguswa, baridi ilifika 25 chini ya sifuri. Betri imevimba ubavuni. Jirani anataka tuibusti kwa kebo kutoka gari lake, mke wangu anakataa. Nani yuko sahihi? Na je, betri nzima nayo huganda?

JIBU: Mama yuko sahihi. Msiiguse kwa kebo wala chaja.

Betri ikitumika, salfeti inatoka kwenye asidi na kushika kwenye pleti. Kinachobaki kati ya pleti kinazidi kuwa maji matupu. Ndiyo maana kuganda kunategemea chaji. Betri iliyojaa haigandi mpaka karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, na baridi hiyo haiji mjini kwenu. Ya robo tatu hufika kama 35 chini. Ya nusu huganda kwenye 25 hivi, yaani usiku ule ule uliousema. Isiyo na kitu huganda kuanzia 7 hadi 10 chini. Wiki tano za miliampea 50 ni ampea-saa 42, kwa hiyo yako ilikuwa karibu tupu.

Barafu inapotanuka hupinda pleti na kuchana vitenganishi. Ukipitisha umeme mkubwa hapo, pleti zilizogusana hutoa cheche ndani ya chumba chenye haidrojeni. Betri hupasuka, na asidi inaruka usoni mwa aliyeinama juu yake.

Iliyovimba haina matibabu. Vaa glavu na miwani, itoe ikiwa wima, iweke kwenye beseni la plastiki na uipeleke dukani. Ukinunua mpya utarudishiwa amana kwa kukabidhi ya zamani. Ingekuwa imeganda bila kuvimba, ungeiingiza sehemu yenye joto la kawaida, mbali na moto, siku nzima au zaidi, uangalie kama kuna ufa unaovuja, kisha uichaji kwa ampea 2. Nyingine hupona, ingawa nguvu hairudi yote.

Unaponunua mpya soma namba ya ampea za kuwashia kwenye baridi. Namba hiyo hupimwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri: betri itoe ampea hizo kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Kwa Edmonton usichukue iliyo chini ya namba ya kiwandani, hata ikiwa nafuu.

SWALI: Niko Gothenburg, Sweden, naishi ghorofa ya nne. Prius yangu ya 2011 inalala nje, hakuna soketi. Naenda Tanga miezi mitatu. Nimeona vipaneli vya jua vya kuweka juu ya dashibodi. Vinafaa? Wengine wanasema betri ikiwekwa sakafuni kwenye saruji inaisha.

JIBU: Kwa Gothenburg mwezi wa Desemba, okoa pesa yako. Siku ina saa sita na nusu hivi za mwanga, jua la adhuhuri liko nyuzi tisa tu juu ya upeo, na theluji ikifunika kioo paneli inakuwa pambo.

Itoe betri ukae nayo ndani. Kwenye Prius ya kizazi hicho betri ndogo ya volti 12 iko upande wa kulia wa buti, chini ya kifuniko, nayo ina uzito wa kilo 12 hadi 15. Ina bomba dogo la kupumulia linalotoa hewa nje ya gari. Lichomoe taratibu, na wakati wa kurudisha usilisahau, kwa sababu bila hilo hewa itabaki humo humo ndani ya buti. Angalia pia nyaya za rangi ya chungwa: hizo ni za betri kubwa inayosukuma gari, hazikuhusu.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: kwa nje, mlango wa buti wa Prius hufunguliwa kwa umeme tu. Ukitoa betri kisha ukaufunga, umeifungia njia. Mlango wa dereva utaufungua kwa ufunguo wa chuma, utavuta boneti, na ndani ya kisanduku cha fyuzi utakuta ncha ya chanya chini ya kifuniko chekundu. Kifurushi kidogo cha kubustia kikiunganishwa hapo, hasi kwenye bodi, buti linafunguka. Hakikisha unacho kabla ya safari, au mwachie jirani.

Nyumbani iweke mahali pakavu penye ubaridi kidogo, siyo chumba cha kulala. Ni ya AGM, kwa hiyo ichajiwe kwa chaja yenye mpangilio wa AGM, ampea 4 au chini yake, mara moja kabla ya safari na mara moja ukirudi. Saruji haina neno. Hofu hiyo ilitoka kwenye betri za zamani zenye kasha la mbao au mpira. Plastiki ya leo haivujishi umeme.

Betri kubwa huvumilia miezi miwili hadi mitatu. Ukirejea, rudisha betri ndogo, washa hadi neno READY litokee, na uendeshe nusu saa hivi. Vioo vya madirisha vikikataa kupanda vyenyewe, shikilia swichi juu sekunde chache kioo kikishafika mwisho.

SWALI: Naishi Toronto, lakini gari liko Dar es Salaam, nalitumia nikija likizo tu. Kila mwaka betri mpya! Huku wanalaumu baridi. Dar kuna baridi gani?

JIBU: Baridi hudhoofisha betri kwa muda, joto huila kabisa. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kujipunguza chaji huzidi mara mbili hivi. Betri zenye vifuniko vya kufungua hujipunguza haraka kuliko zilizofungwa, na kwenye joto la Dar maji yake hukauka.

Na huenda kuna mnyonyaji. Kifaa cha kufuatilia gari na alamu iliyofungwa na fundi wa mtaani vinaweza kuvuta miliampea 100 kwa pamoja. Hiyo ni ampea-saa 2.4 kwa siku, mwezi mmoja betri kwisha. Mwambie fundi aweke mita ya ampea kati ya hasi na kibanio chake, asubiri kama nusu saa kompyuta zilale, kisha achomoe fyuzi moja moja aone ipi inashusha namba.

Dar paneli inafaa. Chukua ya wati 10 hadi 20 yenye kidhibiti chaji, ikae mahali penye jua la moja kwa moja. Kama gari liko ndani ya uzio chini ya mti, kata hasi tu na umpe mtu kazi ya kuichaji kila baada ya wiki sita. Maji ya betri yaongezwe baada ya kuchaji, siyo kabla, isipokuwa pleti zimeshakuwa wazi; hapo weka ya kuzifunika tu, chaji, ndipo umalizie hadi kwenye alama. Maji ya bomba hapana.

Betri uliyonayo sasa, kabla hujaitupa: ichaji mpaka mwisho, iache saa 12, pima. Ikisoma karibu 10.5, chumba kimoja kati ya sita kimekufa na hakifufuki. Ikisoma 12.5, mtafute kwanza mnyonyaji.