Kabla wazazi hawajauza chochote kwa ajili ya shule ya urubani

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepata shule mbili za urubani huku Marekani. Moja iko Florida, inaahidi leseni ya rubani wa biashara ndani ya miezi 7, na ukilipa ada yote mapema unapunguziwa. Nyingine iko Arizona, inasema mwaka au zaidi, bei yake iko juu, na unalipa kadiri unavyoruka. Unataka nikuchagulie, na wazazi wanasubiri neno langu ndipo wauze walichonacho. Basi nitasema yote, hata yale niliyoyaficha miaka ile mlipokuwa mnanipigia simu kuuliza masomo yanaendaje, nami nikijibu kwamba namshukuru Mungu, yanaenda.

Hayakuwa yakienda. Shule yangu ya kwanza ilikuwa na ndege 8 kwenye picha. Nilipofika nikakuta zinazoruka ni 3. Zilizobaki zilikuwa karakana zikisubiri vipuri, na moja haikuwa hata na injini. Wanafunzi tulizidi 40. Ratiba ilionyesha naruka mara nne kwa wiki, lakini nikipata mara moja nilishukuru. Mwalimu wangu wa kwanza aliondoka wiki ya tano, wa pili hakumaliza miezi miwili. Kila aliyekuja alinirudisha kule kule kwenye kugeuza ndege, kupunguza mwendo na kutua, maana hawezi kuniacha niruke peke yangu kabla hajajiridhisha mwenyewe. Alikuwa na haki. Ila saa zile za kurudia nililipa mimi, na kodi ya chumba haikusubiri ndege zitengenezwe.

Ukielewa kwa nini walimu wanaondoka utaelewa mambo mengine mengi ya huku. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50. Bunge likatunga sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria lazima awe na leseni ya daraja la juu kabisa, ambayo kwa kawaida inadai saa 1,500 za kuruka. Waliotoka jeshini au vyuo vikuu vya anga hupunguziwa kiasi. Leseni ya biashara unayoitafuta wewe unaipata ukiwa na saa 250 hivi, wakati mwingine pungufu. Lile pengo lililobaki Wamarekani wengi wanaliziba kwa kufundisha. Kwa hiyo mwalimu wako naye anahesabu saa zake, na siku zikitimia anaondoka.

Wewe njia hiyo huipati. Viza ya M-1, ambayo ndiyo shule nyingi za urubani hutumia, hairuhusu kufanya kazi wakati unasoma. Ukimaliza unaweza kuomba mafunzo ya kazini, mwezi 1 kwa kila miezi 4 uliyosoma, na jumla haizidi miezi 6. Kutoka saa 250 hadi 1,500 ndani ya miezi 6 ni jambo ambalo mimi sijaliona likifanyika. Wanaosomea urubani chuo kikuu kwa viza ya F-1 hupata muda mrefu zaidi wa kufanya kazi baada ya kuhitimu, lakini hiyo ni miaka ya shahada na ada ya shahada. Wazo la kwamba utamaliza kisha uajiriwe huku huku, lisiwemo kabisa kwenye hesabu unayowapigia wazazi.

Ndiyo maana kabla ya Florida au Arizona nakuuliza: utafanya kazi ya urubani nchi gani? Leseni ya huku hutolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na kwa Mkataba wa Chicago wa 1944 nchi zinafuata viwango vya pamoja vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Wengi wanadhani hapo mambo yamekwisha. Bado kila nchi ina mamlaka yake ya usafiri wa anga, na hiyo ndiyo inayoamua kuibadilisha leseni yako au kukudai mitihani mingine ya nadharia na mtihani wa kuruka. Nenda kwao ukiwa na jina la shule na mtaala mkononi. Waulize wanatambua saa ngapi, zile za kwenye kifaa cha kuigizia urukaji wanazihesabu vipi, mitihani gani itakusubiri. Jibu walitoe kwa maandishi. Nimeona mtu akirudi na leseni halali kabisa, kisha akakaa karibu mwaka akisoma upya na kutafuta pesa nyingine.

Siku hiyo hiyo nenda kwa daktari aliyeidhinishwa kupima marubani, upimwe afya kwa daraja la kwanza, lile la juu kabisa. Moyo, masikio, macho, na hasa kutofautisha rangi. Nilisoma na kijana mwenye akili nyingi aliyegundua tatizo la rangi akiwa ameshalipa. Sitaki kulirudia hilo.

Sasa hizo ahadi za miezi na bei. Shule zinazofuata sehemu ya 141 ya kanuni za FAA, ambayo kila mtu huku anaiita Part 141, zina mtaala ulioidhinishwa, na leseni ya biashara inawezekana kwa saa 190. Zinazofuata Part 61, yaani sehemu ya 61 ya kanuni hizo hizo, ni saa 250. Tangazo hukokotoa bei kwa kiwango hicho cha chini, kana kwamba hakuna atakayerudia somo. Leseni ya kwanza, ile ya binafsi, kiwango cha chini ni saa 35 kwa Part 141. Mimi niliipata kwa 68, na sikuwa wa mwisho darasani. Halafu kuna ada ya mtahini, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei, na foleni ya kumpata. Niliwahi kungoja wiki sita nikiwa tayari kwa mtihani, huku nikilipia saa za kuruka ili mkono usisahau. Ongeza na ukaguzi wa usalama wa TSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa usafiri, wenye alama za vidole, ambao mgeni lazima aupite kabla ya kuanza kuruka.

Na ukikosea shule, viza inakubana. Mwenye M-1 akishapita miezi 6 haruhusiwi kuhama shule isipokuwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Mimi nilihama mwezi wa tano, baada ya kulia usiku mwingi, na pesa niliyokuwa nimetanguliza hawakunirudishia. Ndiyo sababu ile punguzo ya Florida inanitisha. Februari 2008 shule kubwa ya helikopta, Silver State ya Nevada, ilifilisika na kufunga milango kwa siku moja. Wanafunzi wengi waliokuwa wamekopa ada nzima walibaki na deni bila leseni. Shule nzuri haina sababu ya kushika pesa yako ya mwaka mzima. Weka kiasi cha wiki chache, ruka, ongeza.

Hali ya hewa usiifanye kuwa jambo kubwa. Florida kiangazi kuna radi na mvua karibu kila alasiri, Arizona kuna joto linalofanya ndege ndogo ipande kwa shida, na kote huko watu wanaamka alfajiri wanaruka. Kinachotofautisha shule ni ndege ngapi ziko tayari asubuhi ya leo kwa wanafunzi wangapi, nani anazitengeneza na kama yuko pale pale, na wangapi wanafaulu mtihani wa kuruka kwa mara ya kwanza. Shule ya Part 141 inatakiwa ifikishe asilimia 80 ili cheti chake kihuishwe, kwa hiyo hesabu hiyo wanayo. Wakikataa kukuonyesha, umeshajibiwa.

Ile ya Florida usiitumie pesa kwa masharti hayo. Ya Arizona usiikubali bado. Mtafute mwanafunzi aliyeko pale sasa hivi, si yule wa kwenye tangazo, umuulize swali moja: wiki iliyopita umeruka mara ngapi? Nilipokuwa mwezi wa tatu katika shule yangu ya kwanza, msichana mmoja alinipata mtandaoni akaniuliza hilo hilo. Nilimwambia mara moja. Akanishukuru, na pale hakuja.