Barua kwa mwanangu: juu ya kurusha ndege za jeshi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza upeleke sasa maombi ya urubani wa jeshi la akiba huko Marekani, ungali raia wa kawaida, au umalize kwanza leseni ya rubani binafsi. Unasema kikosi chenyewe ndicho huchagua watu wake, kuna mitihani ya AFOQT, ule wa wanaotaka uafisa wa jeshi la anga, na TBAS, ule wa kompyuta wa kupima uwezo wa kurusha ndege, kuna usaili, na saa zako za kuruka zinakuongezea alama. Basi ziongeze. Uraia wao unao, wetu ulishauacha. Hayo hayaninyimi usingizi.

Mimi nakiwaza kisiwa cha Saanane.

Machi 1979 nilikuwa na miaka 11. Tulikuwa uani pale Igogo, mimi na bibi yako, tunapara sato, magamba yamenijaa mikononi. Mlio ukapasua anga, kikafuata kishindo. Maji yalitikisika kwenye sufuria. Bibi yako akanisukumia kwenye handaki alilochimba babu yako nyuma ya choo, akanilalia. Uzito wake nausikia hadi leo, na ile shombo. Ilikuwa Tupolev, ndege ya mabomu ya Libya, imekuja kumsaidia Amin. Ililenga matangi ya mafuta hapa Mwanza, ikakosa, bomu likaangukia kisiwani Saanane. Wakafa swala. Mtaani watu walicheka wiki nzima. Bibi yako hakucheka. Alisema tu, "Yule hakujua kama tupo."

Ndiyo maana wewe na dada yako nimewaimbia tangu mkiwa wadogo: apitaye juu lazima ajue chini kuna nani.

Najua utanijibu kwamba ndege nyingi za akiba hubeba mizigo, au huzijazia nyingine mafuta angani, na kwamba hao hao hupeleka misaada kwenye mafuriko. Ni kweli. Tena siku ile, mle handakini, niliomba rubani wetu awe juu. Niliomba sana, baba. Kwa hiyo siwezi kuiita kazi mbaya. Lakini miaka 10 ya utumishi baada ya kuvishwa mabawa ya urubani ni mingi, na kikosi kikiitwa, rubani haulizwi vita ipi anaipenda.

Sikukatazi. Wala sijasema nenda. Aliyesema nenda ni baba yako. Kabla hujatuma, nipigie, unisomee pale unapoeleza kwa nini unataka kurusha. Usiruke hata mstari.

Mama yako