Jibu: rangi ya maziwa inayobanduka na kunuka

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi ya maziwa (ile inayotengenezwa kwa maziwa na chokaa) uliyopaka kwenye kabati inabanduka na kutoa harufu. Umesema kabati lilikuwa na vanishi na ulitumia maziwa freshi yenye mafuta yake. Sababu zote mbili ziko hapo.

Rangi hii inashika kwa kunywewa na mbao, na vanishi hainywi kitu. Piga msasa mpaka mbao itoke. Jaribu kwa tone la maji: likibaki juu kama shanga, endelea kukwangua.

Kuhusu maziwa, engua malai yote. Pasha moto kidogo, tia siki au ndimu yakatike, chuja kwa kitambaa, kisha suuza zile chenga kwa maji safi hadi ukali uishe. Maji ya maziwa yanayobaki humo, pamoja na mafuta, ndiyo yanayonuka. Sehemu 5 za chenga, changanya na sehemu 1 ya chokaa iliyokwisha kuzimwa (yaani iliyotiwa maji), laini kama uji mzito. Utaona chenga zinayeyuka zenyewe na kuwa gundi. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho.

Kupata rangi yenyewe tumia oksaidi, yaani unga wa rangi, ule mwekundu ya sakafu za saruji, chokaa hauupaushi. Tengeneza ya siku hiyohiyo tu. Paka tabaka mbili nyembamba, na ikikauka kabisa, paka mafuta ya kitani, la sivyo kila tone la chai litaacha doa.

Ila kama kabati ni la mninga, mimi nisingelipaka rangi.