Mshauri Ananiuliza Habari za Tumbo, Ajali Haigusi

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge mwenye umri wa miaka 38. Mwaka jana basi nililopanda kutoka Dar es Salaam lilipinduka. Mkono uliovunjika umeunga, lakini nikisikia breki za gari kubwa moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza na miguu inakufa ganzi, na tangu hapo mzigo wangu hufuatwa na mdogo wangu. Nimeanza kwenda kwa mshauri nasaha. Nilidhani atataka kusikia habari za ajali, kumbe ananiuliza tumbo linahisi nini, ananiambia nikandamize nyayo sakafuni, kisha nimtajie mambo niliyowahi kuyamudu maishani. Mume wangu anasema tunatupa fedha. Je, hii ni tiba kweli? — Mama Vitenge, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Vitenge, na pole sana. Ni tiba, ingawa shaka ya mumeo nayo ina haki ya kujibiwa.

Mwili ukikabiliwa na hatari hujiandaa kupambana au kukimbia: mapigo ya moyo huongezeka, damu huelekea kwenye misuli, tumbo husitisha kazi yake, na mtu aliyebanwa asiweze kufanya lolote kati ya hayo huweza kuganda. Kwa watu wengi hali hii hutulia yenyewe baada ya wiki chache. Kwa wengine huendelea kuamshwa na sauti, harufu au mahali, kabla hata akili haijapata nafasi ya kutambua kwamba gari lililofunga breki liko barabarani na wewe umekaa dukani kwako. Ndiyo maana kuambiwa “jikaze, yamekwisha” hakusaidii, kwa kuwa wewe mwenyewe unajua fika kwamba yamekwisha.

Mshauri wako anakufundisha kuitambua hofu ikiwa bado ndogo. Tumbo linapoanza kukaza, unalitaja, kisha unahamishia usikivu kwenye nyayo zilizogusa sakafu au mgongo ulioegemea kiti, halafu unarudi tena tumboni kuona kama pamebadilika kitu. Kwenda na kurudi huku, kwa vipimo vidogo, ni msingi wa njia ya kutibu hofu kupitia mwili, iliyoasisiwa na Mmarekani Peter Levine. Huenda ndiyo sababu hajaanza na ajali: mtu asiyeweza kujituliza akiisimulia ajali yake mwanzo hadi mwisho anaweza kutoka chumbani akiwa ameumia zaidi. Lakini kama kufumba macho au kufuatilia pumzi kunakuzidishia hofu, jambo ambalo huwatokea baadhi ya watu, mwambie wazi. Mazoezi yanaweza kufanywa macho yakiwa wazi, ukitazama dirisha au kushika kitambaa mkononi.

Kuhusu mambo uliyoyamudu, usidhani anakupamba kwa sifa. Kumbukumbu ya kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, huwa imejaa yale uliyotendewa, na yale uliyoyatenda wewe huwa yamefutika: labda ulifungua mkanda wa jirani yako, labda uliita jina la mtu, labda uliukumbatia mkono uliovunjika hadi msaada ulipofika. Hayo nayo ni sehemu ya ukweli wa siku ile. Katika tiba ya masimulizi, mgonjwa hunyoosha kamba sakafuni kuwakilisha maisha yake, akaweka mawe mahali pa misiba na maua mahali pa furaha na mafanikio, ndipo asimulie jiwe moja baada ya jingine huku akiulizwa pia mwili unahisi nini. Tiba hiyo ilifanyiwa utafiti kwa wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali katika makazi ya Nakivale, Uganda, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, na dalili za wagonjwa zilipungua.

Sasa nimgeukie shemeji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilipendekeza tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe chenyewe, pamoja na tiba ya kusogeza macho (EMDR), ambapo mtu hulikumbuka tukio huku macho yake yakifuata, kwa mfano, kidole cha mtaalamu. Njia zinazoegemea mwili peke yake hazijafanyiwa utafiti mwingi kiasi hicho. Kwa hiyo kuusikiliza mwili na kukumbuka uliyoyamudu ni maandalizi mazuri, lakini mimi nisingeridhika kama vikao vingepita vingi bila ajali kuguswa kabisa. Muulize mshauri wako: tutaifikia lini, kwa njia gani, na tutajuaje kwamba napata nafuu? Mwenye ujuzi hatakasirika. Mumeo naye, ukiridhia, aombewe nafasi katika kikao kimoja asikie mwenyewe.

Mapigo ya moyo yakija hata bila kichocheo, mwone daktari kwanza akupime, na usinunue dawa za usingizi bila cheti.

Safari ya Dar es Salaam isubiri. Pangeni na mshauri hatua ndogo: kukaa stendi hadi mwili utulie, kuingia katika basi lililosimama, kisha daladala vituo viwili ukiwa na mdogo wako. Hatua moja irudiwe mpaka ikuchoshe kuliko inavyokutisha, ndipo muende inayofuata.