Binti Yangu Yuko Mafunzoni katika Jeshi la Marekani: Je, Tumfiche Ugonjwa wa Nyanyake?

SWALI: Kwako Mhariri. Binti yetu alishinda viza ya bahati nasibu ya Marekani, akaenda kukaa na shangazi yake huko Texas, na mwaka huu amejiunga na Jeshi la Nchi Kavu la nchi hiyo. Hivi sasa yuko Fort Jackson, jimbo la South Carolina. Siku aliyofika alitupigia simu ambayo haikumaliza hata dakika moja, akasema amefika salama na hawezi kuzungumza zaidi, na tangu hapo ni kimya kwa karibu wiki tatu. Nyanyake, ambaye ndiye aliyemlea, amelazwa hospitalini hapa Nairobi na hali yake si nzuri. Baba yake anasisitiza kwamba mtoto asiambiwe lolote mpaka ahitimu. Je, tufuate shauri hilo? Na tukiwa mbali namna hii, tumsaidie vipi, na je, tunaweza kuhudhuria sherehe yake? — Mama wa Umoja, Nairobi.

JIBU: Mama yetu wa Umoja, tuanze na kimya hicho, kwa maana hakina ubaya wowote. Kuruti anapowasili huruhusiwa kupiga simu fupi, mara nyingi akisoma maneno aliyowekewa mbele yake, kisha simu yake hufungiwa, na kuipata tena kwa dakika chache ni hiari ya sajenti wa kwata. Mafunzo ya msingi ya Jeshi la Nchi Kavu huchukua wiki 10, bila kuhesabu siku za mwanzo za kupimwa, kuchanjwa na kupewa sare. Kwa hivyo msiupime upendo wake kwa idadi ya simu.

Kuhusu nyanya, naelewa anakotoka baba. Hapa kwetu tumezoea kumficha mtahiniwa wa KCSE habari za msiba mpaka aweke kalamu chini katika karatasi ya mwisho. Hata hivyo, shauri hilo silikubali katika jambo hili. Siku binti yenu atakaporudishiwa simu, kitu cha kwanza atakachofungua ni kundi la WhatsApp la familia, na iwapo lolote litakuwa limetokea, atakutana na rambirambi za mwezi mzima kabla hajasikia sauti ya mzazi yeyote, akiwa amesimama katikati ya watu asiowafahamu vyema.

Njia rasmi ya kumfikishia habari kama hiyo ipo, nayo ni Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, ambalo hupokea maombi ya familia usiku na mchana, kwa simu au mtandaoni, bila malipo. Shirika huithibitisha habari kwa daktari au, kukiwa na kifo, kwa wanaoshughulikia mazishi, kisha huiwasilisha kwa wakubwa wa kikosi chake. Mtahitaji jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, kikosi chake, nambari yake ya hifadhi ya jamii ya Marekani (Social Security) ikipatikana, na jina na simu ya daktari anayemtibu nyanya. Mwombeni shangazi aandae maelezo hayo sasa, mgonjwa angali hai, maana kwake itakuwa rahisi kuyapata kuliko kwenu. Elezeni pia kinagaubaga kwamba nyanya ndiye aliyemlea, kwa kuwa jeshi la huko humpa mlezi uzito ambao jamaa wengine hawapewi. Kwetu baba mdogo ni baba, lakini kwenye fomu zao ni jamaa wa mbali. Mjue vilevile kwamba ujumbe huo haumpi ruhusa ya kusafiri. Uamuzi ni wa kamanda wake, na akiondoka kwa siku nyingi huenda akarudishwa nyuma ajiunge na kundi jingine.

Msaada mkubwa mlio nao kwa sasa ni barua. Za kutoka posta ya Nairobi huchelewa, pengine zikafika mafunzo yamekwisha. Afadhali uandike kwa mkono wako, upige picha, umtumie shangazi achapishe na kuipeleka posta huko Texas. Bahasha iwe ya kawaida, isiyo na marashi wala mapambo, na msitume vyakula, kwa kuwa vifurushi hufunguliwa mbele ya sajenti na vyakula huzuiwa. Mwandikieni habari za nyumbani kama zilivyo: nani ameoa, stima imepotea mara ngapi, mdogo wake amepata alama gani. Habari za harambee na karo ziacheni kabisa. Najua jamaa wameanza kusema sasa anapokea dola, lakini mtu asiye na simu hawezi kumtumia yeyote pesa. Na yeyote atakayewapigia akidai ada ya mafunzo au ya sherehe ni tapeli.

Kuhusu kuhudhuria, viza ya kutembelea huombwa kwa mahojiano katika ubalozi wa Gigiri, ada hairudishwi mkinyimwa, na foleni ya mahojiano inaweza kuwa ndefu kuliko mafunzo yenyewe. Tena kuruti akiumia au akishindwa jaribio fulani, tarehe yake ya kuhitimu husogezwa. Mimi nisingekata tiketi, ningempeleka shangazi. Fort Jackson kwa kawaida huwa na siku ya familia, kisha gwaride la kuhitimu kesho yake, na katika vikosi vingi kuna desturi ya askari kusimama wima bila kutikisika mpaka jamaa yake amguse begani. Asiyekuwa na mtu huguswa na mzazi wa mwenzake, jambo zuri, ila si sawa na shangazi yake mwenyewe.

Ninyi mnaweza kutazama gwaride mtandaoni, kwani kambi hiyo huonyesha moja kwa moja. Likianza saa nne asubuhi kule, hapa Nairobi ni saa kumi na moja jioni katika miezi ya joto la Marekani, au saa kumi na mbili katika miezi ya baridi. Siku ya familia ndipo mtakapoongea naye kwa utulivu, basi kubalianeni mapema na shangazi kuhusu saa ya simu. Baada ya hapo msimtarajie nyumbani, maana huenda moja kwa moja kwenye mafunzo ya kazi aliyochaguliwa jeshini, mara nyingi katika kambi nyingine, na anwani ya barua hubadilika.